Miche ya LaMatsenjwa na Jina la Baba

Kwetu huku juu, milimani Lubombo, mwanamke hupimwa kwa ua wake. Ua ukifagiwa mpaka udongo unang'aa, nyoka akipita unaiona njia yake asubuhi, na wapita njia wanasema hapa kuna mke. Ua wa LaMatsenjwa ulikuwa aibu. Ulianza vizuri pale mlangoni, hatua kumi za udongo mtupu, halafu likaja pori: miche ndani ya makopo ya rangi, miche ndani ya makopo ya maziwa ya unga, miche ndani ya sufuria iliyotoboka, na nyuma yake miti iliyokwisha kumpita mtu kimo. Watu walisema mjane yule anafuga nyoka. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, maana pori lake lilipakana na nyumba yangu.

"LaMatsenjwa," nilimwita siku moja kutoka upande wangu, "nyoka wako akiniuma nitakuja kufia mlangoni kwako, unizike wewe."

"Njoo tu, LaGwebu. Nitakupanda kwenye kopo, labda utaota na adabu."

Ndivyo tulivyoishi, yeye akinizidi miaka kama kumi na mitano na mimi nikimjibu kama rika langu. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na mwaka mzima alivaa koti la machimboni la marehemu mumewe, Maziya, lililomfika magotini. Mdomo wake ulikuwa mkali kwa kila jambo isipokuwa moja. Ukimshukuru kwa miche yake alinyamaza, akatafuta jembe, akaondoka. Wengine waliuita unyenyekevu. Mimi niliona ni kiburi, kwa sababu nina tabia ya kuona kiburi kwa watu wanaofanya mambo ambayo mimi siyawezi.

Miche iliyompa jina ilikuwa ya sibhaha. Gome la mti huo ni kali kuliko pilipili, na hapa kwetu hakuna kifua kilichowahi kukohoa ambacho hakikukutana nalo. Zamani ilijaa mabonde yote haya. Nilipopata akili ulikuwa umebaki mti mmoja tu ndani ya korongo, mkongwe, shina limejaa makovu. Makovu hayo aliyafanya baba yangu, Gwebu mganga, ambaye kwa jina lake naitwa LaGwebu, na babu kabla yake. Sheria ya baba ilikuwa fupi. Unauomba mti kwanza, kwa sauti, kama unavyomwomba jirani moto. Unabambua upana wa kiganja upande wa jua kuchomoza, na upana wa kiganja upande wa jua kutua. Unapaka jeraha udongo na samadi, kisha unauacha mwaka mzima. Hakuna aliyeingiza kisu pale ila yeye.

Kisha mwaka mmoja mti ule ukapukutisha majani yote kabla ya wakati wake. Wachungaji walipokwenda kutazama walikuta umebambuliwa kuzunguka shina lote, na jeraha lenyewe ni la zamani, limekauka. Mti ukibambuliwa hivyo haufi siku hiyo. Unaweza kukaa na majani yake msimu mzima, watu wanapita chini yake wakiusifu, kumbe umeshakwenda. Kwa hiyo hakuna aliyejua ni nani wala ni lini hasa.

Lakini kisu kilichojulikana korongoni kilikuwa kimoja. Baraza la chifu likamwita baba. Akasema, "Mimi sikuzungusha kisu," akakaa. Walimwuliza tena, akasema maneno yale yale. Indvuna Sifundza, msimamizi wa baraza, akaamua kwamba mpaka Gwebu atakaposema kweli, hakuna mtu atakayekuja kutulimia. Kwetu shamba hulimwa na majirani pamoja, maksai wa huyu na plau ya yule, na mwenye shamba hupika pombe. Mvua zilikuwa zimeanza. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, sina maksai wa kulimia wala mume wa kuwaswaga, na shamba letu likabaki nyasi katikati ya mashamba meusi ya wenzetu. Bombani wanawake walinipisha kama mgonjwa wa upele.

Baba akakiri. Alikiri kwangu, nyumbani, na mimi ndiye niliyepeleka neno barazani. Jinsi alivyokiri hawakuniuliza, nami sikusema. Wakachukua ng'ombe mmoja wa faini, wakachukua kisu chake, wakamkataza kukanyaga korongoni. Wiki iliyofuata majirani walikuja, wakalima shamba letu, wakanywa pombe yangu wakaimba. Baba alikaa ndani. Aliishi miaka miwili zaidi, na katika miaka hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepiga hodi.

Mahali pekee alipokwenda ni kwa LaMatsenjwa, ambaye alikuwa bado na nguo nyeusi za ujane. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimwelekeza kwa fimbo: kopo hili lisogeze kivulini, lile umelizidishia maji. Nilidhani ni upweke tu, mzee aliyetengwa amempata mjane aliyetengwa. Nilifurahi hata, kwa sababu akiwa kule sikulazimika kumtazama.

Kupanda sibhaha uani ni jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu angelifanya. Dawa hutoka porini. Ukiupanda mti wa dawa nyumbani ukaumwagilia maji ya vyombo, walisema, umeuhasi, utabaki mti wa kivuli. Na si kazi rahisi. Mbegu ya sibhaha haingoji mtu, ukiianika siku moja imekufa, lazima iingie udongoni ingali na ute wa tunda. Nusu ya matunda yana funza, na tumbili huyawahi mengine yakiwa mabichi. Katika ndoo nzima ya matunda LaMatsenjwa alipata miche thelathini na mmoja, na aliujua kila mmoja kwa tabia yake. Alibeba udongo mweusi kutoka chini ya miti bondeni, akauchanganya na samadi iliyooza, akaitandazia miche nyasi jua lilipokuwa kali. Kile kichaka cha kigeni chenye maua ya rangirangi, kilichokuwa kimemeza zizi lake, aliking'oa kwa mikono, mzizi baada ya mzizi, miaka mitatu. Alipochuma mboga uliona mikono yake imejaa mikwaruzo.

Mwaka wa nne indvuna Sifundza alipita njiani akasimama.

"Mama, hivi vijiti vyako vinatibu nini? Upweke?"

LaMatsenjwa akachuma jani moja akampa. "Tafuna, mzee. Kama ni mti wa kivuli tu, halitakufanya kitu."

Sifundza alilitia lote mdomoni kwa dharau. Akatafuna mara tatu. Macho yakajaa maji, pua ikafunguka, akainama akashika magoti.

"Lete maji," akasema.

"Maji nimevimwagilia vijiti."

Habari ilifika kila nyumba kabla ya jua kuzama. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba jani linafanya kazi ya gome, na mti unabaki mzima. Watu wakaanza kuja kuomba miche. Alitoa, ila kwa sharti: achukuaye sibhaha achukue na mng'ongo, na mkuyu, na miti mingine ya kwetu ambayo vijana walikuwa wamesahau hata majina yake. "Mti peke yake ni mgonjwa," alisema, na asiyetaka sharti alirudi mikono mitupu. Miti yake mwenyewe ilipoanza kuzaa alipanda mbegu zake, akagawa tena. Pole pole nyua zetu zikaacha kung'aa. Nyoka walikuja kweli, wawili watatu, lakini walikuja pia vipepeo ambao mama zetu waliwajua, na ndege chozi wakawa wanagombana madirishani. Asubuhi moja akalia ligwalagwala, ndege ambaye manyoya yake mekundu huvaliwa na watu wa nyumba ya mfalme. Alilia kwenye mkuyu wa LaMatsenjwa. Chifu alituma mtu kuja kusikiliza kama ni kweli.

Kwa ajili hiyo, mwaka wa kumi na nne tangu miche ile ya kwanza, baraza likaitwa. Chifu alitaka sibhaha irudishwe korongoni, miche arobaini kutoka ua wa LaMatsenjwa, na yeye mwenyewe avishwe blanketi la heshima mbele ya watu. Sifundza akaeleza utaratibu, akafika kwangu.

"Shimo la kwanza ni pale pale uliposimama mti wa zamani. Hilo atachimba LaGwebu. Aoshe aibu ya baba yake, yaishe."

Watu wakaguna kukubali. Nami nikakubali. Asiyekuwapo na lake halipo, na baba alikuwa kaburini miaka kumi na moja, na kwa kweli niliona ni haki. LaMatsenjwa, aliyekuwa ameketishwa mbele kwenye mkeka, aliinuka akatoka bila kuaga.

"Sifa haziwezi huyu," mtu akasema, na watu wakacheka kwa upendo.

Hiyo ilikuwa Jumapili, na upandaji ulipangwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi alikuja kwangu. Nilimtandikia mkeka, nikamwekea bakuli la emasi, maziwa yetu ya mgando, na ugali uliovurugwa ndani yake kama anavyopenda. Hakugusa.

"Mbona huli? Au unatafuta nyoka humo?"

"LaGwebu, usinitanie leo. Ukinitania nitacheka, na nikicheka sitasema."

Nikaketi mbele yake.

"Ule mti niliubambua mimi," akasema.

"Mti upi?"

"Wa korongoni. Wa baba yako."

Nilimtazama nikingoja amalizie mzaha. Alikuwa ameshika pindo za koti la Maziya kwa mikono yote miwili.

"Maziya alirudi kutoka machimbo ya dhahabu kule Joni na kifua kile, unakumbuka," akasema. "Baba yako alinikatia gome, kipande kama hiki, akasema litatosha mpaka mwezi mwingine. Halikutosha. Mume wangu alikuwa anatema damu na mimi naambiwa ningoje mwezi. Nikasema huyu mzee ana choyo, anawawekea wakubwa. Nikaenda alfajiri na kisu cha kukatia kabichi. Nikachukua upande wa mawio, nikachukua upande wa machweo, pana, si kiganja. Usiku ule Maziya alilala. Miezi mitano alikuwa hajalala, LaGwebu. Nikasema kama pande mbili zimempa usiku mmoja, mzunguko mzima utampa mwaka. Nikarudi asubuhi nikamaliza."

"Na Maziya akafa."

"Siku ya tisa. Gome lote lilikuwa bado limejaa kwenye gunia. Nikamfungia ndani ya mkeka wake, akazikwa nalo."

Mti ulikuwa bado wa kijani, akaendelea. Yeye alikuwa na nguo nyeusi, na mjane wa nguo nyeusi hatakiwi kuzurura mabondeni, lakini alitoroka mara kadhaa kwenda kuupaka udongo na samadi. Mara ya mwisho aliukuta umezaa kama ambavyo haujawahi kuzaa, matawi yameinama. Hapo akajua unaaga. Akajaza ndoo kabla tumbili hawajaamka.

"Miche yangu yote imetoka hapo," akasema. "Watu hawakuniuliza hata siku moja nilipata wapi mbegu mwaka ambao hakuna aliyejua kwamba mti unakufa. Baba yako peke yake aliuliza."

"Baba alijua?"

"Alikuja uani, akaviona vichipukizi, akavihesabu. Akaniuliza, umezipata wapi. Nikasema ndege wameangusha. Akacheka. Akasema, ndege huyo ana mikono mizuri. Nikapiga magoti, LaGwebu, nikamwambia nakwenda barazani sasa hivi. Akasema umefiwa, kaa chini, mimi wameshamaliza kunisema. Akasema, lakini ukiuacha mche mmoja tu ufe, nitakutaja. Ndipo akageuza ile ndoo akakaa, akaanza kunifundisha."

"Na kabla ya hapo? Alipokuwa anaulizwa na baraza zima, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na nguo nyeusi. Mjane wa nguo nyeusi haingii uwanja wa chifu, unajua. Nilijiambia ndiyo sababu." Alitazama bakuli. "Nilikuwa nashukuru. Nguo ya msiba wa mume wangu ilinificha, nami nikaishukuru. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nilipoivua, baba yako alikuwa amelala kaburini. Kisha watu wakaanza kunisifu. Kila aliponisifu mtu nilisema kesho."

"Miaka yote hii."

"Kesho ni nyingi."

"Lakini baba alikiri," nikasema.

"Hata mimi nilishangaa. Niliposikia amekiri nilidhani nimeota mimi kile kisu. Nikamwuliza, mzee, kwa nini ulijitwika? Akasema, aliniuliza mtu ambaye siwezi kumnyima jibu. Sikumwelewa. Labda chifu mwenyewe alimwita kando."

Mimi nilimwelewa. Niliinuka nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Nilimwita mwizi, nilimwita mchawi, nikamwambia blanketi lao litamnyonga. Alisimama pole pole, goti lake moja halikunjuki vizuri siku hizi, akayapokea yote. Mlangoni akageuka.

"Jumamosi nitasema mbele ya watu. Huchimbi shimo la aibu, LaGwebu. Nitachimba mimi."

"Sema," nikamjibu. "Utasema nini cha kumrudishia?"

Alipoondoka niliendelea kumtukana peke yangu mpaka nikachoka, kisha nikakosa wa kumtukana. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye alikuwa ameleta yake, na mimi yangu nilikuwa nimeifungia mlango kwa kelele. Ijumaa nzima nilimwona ng'ambo ya pori akifunga miche arobaini kwenye magunia yenye maji, na sikumsaidia wala sikumsalimu. Nilijiambia atasema, watamsikia, jina la baba litasafika, na mimi sitalazimika kufungua mdomo. Ndilo tumaini nililokuwa nalo, na silioni zuri.

Jumamosi tulishuka korongoni, watu kama mia. Kisiki cha mti wa zamani kilikuwa kimeoza, pamebaki shimo bovu lenye uyoga. Sifundza alitoa salamu za chifu, akalikunjua blanketi mkononi. LaMatsenjwa akainua mkono.

"Msinivishe. Mti huu niliuua mimi. Gwebu hakuugusa."

Akaeleza yote, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi, akisimama wima na koti lake. Alipomaliza wanawake wakaanza kulia. Nilidhani wanalia kwa hasira. Walikuwa wanalia kwa huruma.

"Mama," Sifundza akasema kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao, "moyo wako mwema unakuponza. Mwanamke aliyepanda miti ya kijiji kizima aue mti? Unataka kumbebea mzigo marehemu, ili huyu binti yake asichimbe kwa aibu. Tunakuelewa. Lakini Gwebu alikiri. Binti yake huyu hapa ndiye aliyetuletea neno."

"Hakukiri kwa sababu alifanya."

"Basi alikiri kwa sababu gani? Nani alimlazimisha? Sisi hatukumgusa."

LaMatsenjwa alisimama mbele yao na ukweli wake mkononi, hakuna aliyeupokea, na alikuwa akiogopa kuliko alivyoogopa alipokuwa anaanza. Watu wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimeshika jembe. Nikinyamaza pale, baba angebaki muuaji wa mti milele, na yeye angevikwa blanketi kwa nguvu, na mimi ningeendelea kuwa binti mvumilivu wa baba mbaya. Nikaliweka jembe chini.

"Neno niliwaletea mimi," nikasema. "Hamkuniuliza nililipataje."

"Ulilipataje?" Sifundza akauliza.

"Nilimnyima chakula."

Mtu nyuma akasema niongeze sauti.

"Nilimnyima chakula. Mlikataa kutulimia mpaka akiri. Nikamwambia baba, mashamba ya wenzetu yameota na letu ni nyasi kwa ajili ya ubishi wako, basi hutakula mkononi mwangu mpaka useme ni wewe. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili jioni akasema, haya, ni mimi. Nikajitanda shuka nikaja kwenu mbio. Nami nikaamini. Nilimlazimisha aseme, kisha nikaamini alichosema, nikamchukia nacho mpaka alipokufa."

Nadhani nilisema na mengine, sikumbuki. Nakumbuka Sifundza akivua kofia yake. Alikuwa mzee sasa, kichwa cheupe, na alitazama watu aliokuwa amewakataza kulima mwaka ule, wengi wao walikuwa pale pale, wana mvi.

"Siku mbili," akasema.

"Alikuwa na miaka sabini na minne," nikasema.

Sifundza hakusema tena juu ya wema wa mtu. Alisema Gwebu hana kosa, na kwamba kila aliyesikia apeleke neno hilo kwa asiyesikia. LaMatsenjwa akaamriwa ng'ombe kwa nyumba ya Gwebu, mimi nikaamriwa mbuzi kwa mizimu ya baba, na baraza lenyewe, akasema, litatafuta faini ya kwake. Blanketi likakunjwa likarudishwa. Tulichimba shimo wote wawili, yeye upande wake na mimi upande wangu, bila kusemezana, na mche ukaingia. Siwezi kusema tumepatana. Asubuhi nyingine anasalimia juu ya pori lake, nyingine mimi, na kuna siku hakuna anayeanza.

Watu sasa hunionea huruma, wanasema nilikuwa kijana, nilibanwa, nani asingefanya. Wanasema hivyo kwa sababu lipo moja sikuwaambia. Jioni ile ya siku ya pili, alipokwisha kukiri, kabla sijakimbilia barazani, nilimpakulia baba ugali na mboga ya majani ya maboga. Alikula chote, akapangusa bakuli kwa kidole. Kisha akakutanisha viganja vyake viwili, kama tunavyofanya mbele ya mkubwa aliyetupatia kitu, akaniambia, "Asante, mwanangu. Sasa watakuja kukulimia."